Fred Hoyle, mutu wa redio aliyetafuta mahali zahabu inatoka

Pale Omate, mutu akiosha muchanga na kuona kile kipande kidogo kinang'aa chini ya karai, swali la kwanza ni uzito. La pili ni nani na nani watakula juu yake: mwenye shimo, mwenye kizuizi cha barabara, negosia, na huko mbele kabisa mwenye komptuari. Swali la tatu haliulizwi mara nyingi juu halilishi familia: hii zahabu, mbele ya kuingia katika udongo wa Walikale, ilitoka wapi? Wazee watajibu kwamba Mungu njo aliiweka, na mimi sitabishana nao. Lakini alitumia jiko gani?

Kuna mutu aliyeshinda maisha yake akitafuta hilo jiko. Jina lake Fred Hoyle, Muingereza, alikufa mwaka wa 2001. Katika inchi yake alijulikana kwanza kwa sauti yake ku redio, kisha kwa hadithi zake, kisha kwa ugomvi wake. Mimi nilimufahamu kupitia mulango wa nyuma, yaani kupitia kipindi cha zamani cha televizio kinachoitwa A for Andromeda, ambacho yeye njo alikitolea wazo. Hicho kipindi leo karibu chote kimepotea, na namna kilivyopotea ni habari inayotuhusu sana sisi watu wa redio. Tutafika huko.

Mutoto asiyetaka shule

Hoyle alizaliwa tarehe 24 mwezi wa sita 1915 huko Gilstead, kijiji karibu na muji mudogo wa Bingley, katika Yorkshire, upande wa kaskazini wa Uingereza. Ni inchi ya vilima, majani na kondoo. Mutu wa Masisi akionyeshwa picha zake anaweza kufikiri ni kwao, isipokuwa baridi ya kule haichezi na mutu. Papa yake alifanya biashara ya sufu. Vita vya kwanza vya dunia vikamuchukua, akawa mupiga bunduki la mashine, na nyumbani mutoto akabaki na mama. Mama alikuwa amesomea muziki. Alipiga piano ndani ya sinema, zile sinema za zamani ambazo hazikuwa na sauti, mutu mumoja anakaa mbele na kupiga muziki wakati picha zinapita.

Shule na huyu mutoto havikupatana. Alijifunza hesabu ya kuzidisha yeye mwenyewe, mbele ya kuwekwa darasani. Alipoanza masomo akaona wanamufundisha vitu anavyojua tayari, basi akawa anatoroka na kuzunguka muji na vichaka, akiangalia namna watu wanafanya kazi na namna maji yanapita. Siku moja mwalimu aliwatuma watoto kuokota maua, kisha akawafundisha kwamba ua la aina fulani liko na petali tano. Hoyle akaonyesha kwamba la kwake liko na sita. Alipata kofi ku sikio la kushoto. Alipokuwa mutu muzima lile sikio lilikufa, na yeye aliamini kwamba ni juu ya lile kofi. Mama yake alisimama upande wake, akamutoa katika ile shule.

Nimekaa mingi juu ya hiyo habari ya ua kwa sababu ukisoma maisha yake yote unaikuta inarudi. Kila mara kuna mukubwa anayesema tano, na Hoyle anasimama na ua la petali sita mukononi. Wakati mwingine alikuwa na haki. Wakati mwingine, na hii tutaiona, alihesabu vibaya na akakataa kuhesabu tena.

Kwa bahati alipata bursi ya kuingia shule ya sekondari ya Bingley, na kutoka pale mwaka wa 1933 akaingia Cambridge, ku koleji ya Emmanuel, kusoma hesabu. Mutoto wa kijiji, mwenye matamshi ya kijiji, katikati ya watoto wa matajiri. Hakuyaacha yale matamshi. Mwaka wa 1939 alipewa nafasi katika koleji nyingine ya pale, St John's, na mwisho wa mwaka ule akafunga ndoa na Barbara Clark. Vita vya pili vilikuwa vimeisha kuanza.

Wakati wa vita alifanya kazi ya rada kwa jeshi la majini. Walitafuta namna ya kujua ndege ya adui iko juu kiasi gani kwa kuangalia alama za rada peke yake. Pale alikutana na vijana wawili wenye asili ya Austria, Hermann Bondi na Thomas Gold. Hawa, mbele ya kupewa kazi ya siri ya serkali ya Uingereza, walikuwa wamefungwa na serkali hiyohiyo kama watu wa inchi adui. Muchana walifanya rada, usiku walizungumza habari ya nyota.

Mwaka wa 1944 kazi ilimupeleka Amerika. Huko alikutana na Walter Baade, mutalaamu wa nyota zinazolipuka, na njiani akakisia kwamba kuna watu wanatengeneza bomu kwa kuminya madini kwa nguvu mpaka yalipuke. Hakuna aliyemuambia, aliunganisha tu. Akarudi na wazo: kama binadamu anaweza kubadilisha madini kwa kuyaminya, nyota kubwa inayoanguka ndani yake yenyewe inaweza kufanya nini? Mwaka wa 1946 akaandika makala yake ya kwanza juu ya hilo, kwamba elementi zote nzito zilipikwa ndani ya nyota kutoka hidrojeni.

Sauti ya kijiji ku BBC

Kisha vita, wale watatu walikwenda kuangalia filamu moja ya kuogopesha, Dead of Night, ya mwaka wa 1945. Ni filamu inayoishia pale ilipoanzia, sawa mutu anazunguka kilima na kujikuta ku mulango wake. Ilisimuliwa baadaye kwamba ile filamu njo iliwapa wazo: na kama ulimwengu nao hauna mwanzo? Mwaka wa 1948 wakatoa nadharia yao. Walisema ulimwengu unapanuka, ndiyo, lakini kila mara vitu vipya vinazaliwa kidogo kidogo kujaza nafasi, hata haubadiliki sura. Haukuanza siku moja na hautaisha.

Wengine walisema ulimwengu ulianza mara moja, kwa nguvu kubwa, kutoka mahali padogo. Tarehe 28 mwezi wa tatu 1949 Hoyle aliingia studio ya BBC kueleza tofauti ya mawazo hayo mawili. Ku redio hakuna ubao wala picha, na kila mutangazaji anajua hiyo shida: unatafuta neno ambalo musikilizaji ataliona kwa macho. Basi yeye akaliita wazo la wapinzani wake Big Bang, yaani mulipuko mukubwa. Watu wengi walifikiri alikuwa anawacheka, yeye alikataa, akisema alitaka tu picha. Leo dunia nzima inatumia lile jina. Mutu aliyekataa mulipuko mukubwa mpaka kufa njo aliyeubatiza.

Mwaka wa 1950 BBC ilimupa mfululizo wa mazungumzo juu ya ulimwengu. Vikawa vipindi vinavyosikilizwa sana, vikarudiliwa, vikatolewa kuwa kitabu kilichouzwa mingi. Zamani zile sauti za BBC zilikuwa za watu waliosoma shule za gharama. Hoyle alizungumza sawa vile wanazungumza Yorkshire, na mutu wa kiwanda akamuelewa. Sisi ambao kila siku tunaambiwa Kiswahili chetu cha Kivu si sanifu, tunaweza kupumua kidogo hapa. Lakini mwisho wa ule mfululizo alianza kueleza maoni yake juu ya dini ya kikristo, na hayakuwa maoni mazuri. Malalamiko yalimiminika. Nafikiri angeyasema huku kwetu, redio ingefungwa kesho yake.

Jiko lenyewe

Sasa zahabu. Hidrojeni ndani ya nyota inageuka heliamu, hiyo watu walikuwa wanajua. Shida ilikuwa hatua inayofuata. Ili upate kaboni, ile ya makala na ya miili yetu, unahitaji heliamu tatu zishikane. Kila hesabu ilionyesha kwamba zikikutana zinaachana haraka sana, na kaboni inayobaki ni kidogo mno. Lakini kaboni iko mingi, sisi wenyewe tumetengenezwa nayo. Hoyle akafikiri kwa kurudi nyuma: kama tuko hapa, basi lazima atomu ya kaboni iko na hali moja ya nguvu ambayo hakuna aliyeiona, hali inayoruhusu zile heliamu tatu zikae pamoja. Akahesabu hata kipimo chake, karibu milioni 7.65 kwa kipimo kinachoitwa elektroni-volti.

Mwaka wa 1953 alikuwa Kalifornia, ku chuo cha Caltech. Akaingia kwa William Fowler, mutalaamu wa mambo ya atomu, na kumuomba wapime. Fikiria mugeni anaingia kiwandani kwako na kusema mashine zako ziko na kitu ambacho wewe mwenyewe hukuona, juu bila hicho kitu yeye asingekuwa amesimama hapo mbele yako. Walishangaa, lakini walipima. Kikapatikana, karibu kabisa na pale alisema.

Kutoka pale Fowler akawa rafiki yake. Wakaungana na bwana na bibi, Geoffrey na Margaret Burbidge, na mwaka wa 1957 hao wanne walitoa makala moja ya kurasa zaidi ya mia moja. Ndani yake walieleza, elementi moja moja, ni katika nyota ya namna gani kila kitu kinapikwa. Chuma kinapikwa ndani ya nyota kubwa mpaka nyota inakosa nguvu ya kuendelea. Vitu vizito kupita chuma vinahitaji nyutroni nyingi. Kuna njia ya polepole, ndani ya nyota zilizozeeka, ambayo inachukua maelfu ya miaka. Na kuna njia ya haraka, ya sekunde chache, ambayo inahitaji mulipuko mukali. Etaini inayotoka katika kasiterite ya Bisie, na tantali iliyo ndani ya koltani ya Rubaya, zilipitia njia zote mbili, kila moja kwa kiasi chake. Zahabu kwa sehemu kubwa ni mutoto wa ile njia ya haraka. Ile mbegu iliyo katika karai ya Omate ilitengenezwa mbele ya dunia kuwepo, mbele ya jua letu kuwaka, ikatawanyika kama vumbi, na vumbi likakusanyika kuwa udongo.

Nilipomueleza rafiki yangu mumoja aliyefanya kazi ya shimo miaka sita, aliuliza tu kama hao wazungu wanajua nyota gani itaanguka tena, ili akae karibu.

Kipindi cha 1961

Hoyle alikuwa ameanza kuandika hadithi. Kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo, The Black Cloud, kilitoka mwaka wa 1957, juu ya wingu jeusi linalokuja kuzuia jua na ambalo mwishowe linaonekana kuwa na akili. BBC ikamuomba wazo la televizio. Yeye alitoa wazo, na John Elliot, mutu wa BBC, akaandika maneno ya wachezaji. Kipindi cha kwanza kilipita tarehe 3 mwezi wa kumi 1961, na cha saba tarehe 14 mwezi wa kumi na moja. Mwaka ule ulikuwa wa namna gani, sisi Wakongomani tunakumbuka kwa mambo mengine: mwezi wa kwanza Lumumba aliuawa. Mwezi wa nne Murusi Gagarin alizunguka dunia akiwa juu. Watu wa Ulaya walikuwa wanaangalia anga kwa hamu na kwa woga, juu kilichoweza kubeba mutu kiliweza pia kubeba bomu.

Hadithi ni hii. Huko Uingereza wamejenga teleskopi mupya ya redio. Haiangalii, inasikiliza. Mbele hata ya kufunguliwa rasmi, inakamata ishara kutoka upande wa nyota za Andromeda. Zile nyota ziko mbali sana hata hakuna chombo kitakachofika, lakini ishara ya redio imefika. Kijana mumoja, John Fleming, mutalaamu wa kompyuta, mukaidi na mwenye kupenda chupa, anagundua kwamba ule ujumbe si salamu. Ni maelekezo ya kujenga kompyuta kubwa. Serkali inakubali, wanaijenga ndani ya kituo cha jeshi huko Scotland. Mashine inaanza kuuliza maswali juu ya miili yetu, kisha inatoa maelekezo ya kutengeneza kitu chenye uhai. Kwanza kinatoka kiumbe cha ajabu chenye jicho moja. Kisha mashine inamuvuta musichana mufanyakazi, Christine, anagusa vyuma vyake na kufa. Na muda kidogo baadaye wanatengeneza, kwa maelekezo ya mashine, musichana mwenye sura ya yule aliyekufa. Wanamuita Andromeda.

Hapa njo hadithi inakuwa tamu, ao chungu. Wakubwa wa jeshi wanafurahi, juu mashine inawasaidia kuangusha makombora ya adui. Mawaziri wanafurahi. Kampuni moja kubwa ya biashara, waliyoipa jina Intel miaka saba mbele ya Intel ya kweli kuanzishwa, inataka kununua siri. Fleming peke yake anaendelea kuuliza: aliyetuma hii zawadi anataka nini? Hakuna anayemujibu, kwa sababu zawadi inafanya kazi. Mwisho anaivunja mashine kwa shoka.

Nikiangalia leo watu wanavyouliza simu zao kila kitu, hata dawa ya mutoto, namukumbuka Fleming. Yeye hakusema mashine ni mubaya. Alitaka kwanza kujua nani aliifundisha.

Christine na Andromeda walichezwa na musichana mumoja aliyekuwa bado hajulikani, Julie Christie. Ilikuwa kazi yake kubwa ya kwanza. Watu walipenda kipindi sana hata BBC ikataka kuendelea, lakini mwaka wa 1962, kwa sehemu ya pili iliyoitwa The Andromeda Breakthrough, Julie alikuwa amekwenda ku sinema, nafasi yake ikachukuliwa na Susan Hampshire. Katika ile sehemu ya pili Andromeda na wenzake wanapelekwa katika inchi ndogo ya kubuniwa, Azaran, yenye mafuta na serkali iliyonunuliwa na kampuni. Siandiki zaidi. Kila mukaaji wa jimbo letu anaweza kuimalizia peke yake.

Ukanda wa picha uliofutwa

Zamani zile ukanda wa kurekodi televizio ulikuwa na bei kali. Kipindi kikisha kupita, ukanda unafutwa na kutumiwa tena. Hakuna aliyefikiri kwamba mutu atataka kuangalia mara ya pili. Basi A for Andromeda ikafutwa, sawa na vipindi vingine vingi vya BBC vya miaka ile. Vilibaki vipande vifupi na picha zilizopigwa mbele ya kioo cha televizio. Waitaliano waliitengeneza upya kwa lugha yao mwaka wa 1972, na BBC yenyewe ikatengeneza filamu mupya mwaka wa 2006, lakini ile ya kwanza haikurudi. Mwaka wa 2005 tu njo mutu mumoja mwenye kukusanya filamu za zamani alirudisha kipindi kizima, cha sita. Kimoja kati ya saba.

Niliposoma hiyo sikushangaa. Wakati wa mafunzo yangu mafupi ya uandishi habari nilitumwa ku redio moja, jina tuliache, kutafuta sauti za wazee waliosimulia vita vya 1993, vile vilivyoanzia Ntoto na kufika Masisi yote. Kaseti zilikuwepo. Majina ya wazee yalikuwa yameandikwa vizuri ku mugongo, na tarehe. Niliweka ya kwanza: rumba. Ya pili: rumba, kisha nusu ya mechi. Fundi alinieleza bila haya kwamba kaseti zilikosekana na matangazo ya sikukuu yalikuwa yanangoja. Wale wazee, wengi wao hawako tena. BBC na mali yake yote ilifanya hivyohivyo, kwa hiyo siwezi kumuhukumu yule fundi, lakini mwanamume aliyerudisha kipindi cha sita alikuwa amekiweka nyumbani kwake bila kutumwa na mutu.

Petali sita

Ule mwaka wa 1961 ulikuwa pia mubaya kwa Hoyle. Mwezi wa pili, mbele ya kipindi chake kupita, alialikwa pamoja na Barbara ku mukutano na waandishi habari ambako Martin Ryle, mutalaamu wa teleskopi za redio hapo hapo Cambridge, angetoa matokeo mapya. Waliwakalisha mbele. Hoyle alifikiri hangeitwa kama habari ni mubaya kwake. Ryle akasimama na kuonyesha hesabu za ishara za redio kutoka mbali, zinazoonyesha kwamba ulimwengu wa zamani haukuwa sawa na wa leo. Yaani nadharia ya Hoyle imeanguka. Waandishi wakamugeukia ajibu pale pale. Watoto wake walichekwa shuleni. Halafu mwaka wa 1965 Waamerika wawili, Penzias na Wilson, wakakamata joto dogo lililobaki kutoka ule mulipuko wa mwanzo, na wataalamu karibu wote wakahamia upande wa pili. Hoyle hakuhama.

Aliendelea kujenga. Miaka ya 1960 alianzisha taasisi ya nyota pale Cambridge ambayo ilileta vijana kutoka inchi nyingi. Mwaka wa 1972 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huohuo, kisha ugomvi na wakubwa wa chuo juu ya nani ataongoza, aliandika barua ya kuacha kazi. Alihamia milimani, kaskazini. Alikuwa mutu wa kupanda milima, huko Scotland alimaliza vilele vyote virefu vilivyo katika orodha yao.

Mwaka wa 1974 Ryle na mwenzake Antony Hewish walipewa zawadi ya Nobel. Sehemu ya Hewish ilihusu nyota zinazotoa ishara kama saa, ambazo musichana mwanafunzi, Jocelyn Bell, njo aliziona wa kwanza katika makaratasi ya teleskopi. Jina lake halikuwekwa. Hoyle alilalamika waziwazi katika magazeti, ingawa ilijulikana yeye na Ryle hawapatani na watu wangesema ni wivu. Mwaka wa 1983 Nobel ilikuja kwa kazi ya elementi za nyota. Akapewa Fowler, pamoja na mutalaamu mwenye asili ya India, Chandrasekhar. Hoyle hakupewa kitu, na Fowler mwenyewe hakuficha kwamba Hoyle njo aliyemuonyesha njia. Watu wengine wanafikiri alilipishwa kwa ulimi wake. Sababu ya kweli iko katika kabati za kamati. Kwangu mimi, mutu aliyesema kaboni iko na mulango na mulango ukaonekana, alistahili.

Lakini tusimufanye mutakatifu. Katika miaka yake ya mwisho alisema na mwenzake Chandra Wickramasinghe kwamba mafua na magonjwa mengine yanaanguka kutoka anga pamoja na vumbi la nyota zenye mukia. Alisema pia kwamba mabaki ya ndege wa zamani sana yaliyo katika makumbusho ya London yalichongwa na wadanganyifu. Wataalamu wa magonjwa na wa mawe walichunguza, wakakataa. Sisi tuliopitia Ebola ya 2018 mpaka 2020 hapa Kivu kaskazini tunajua bei ya uvumi juu ya mahali ugonjwa unatoka. Mutu anaweza kusoma nyota vizuri na kukosea kabisa juu ya kikohozi.

Mwezi wa kumi na moja 1997, akiwa na miaka 82, alirudi kutembea karibu na pale alizaliwa, akaanguka ndani ya bonde la mawe huko Shipley Glen. Alilala pale karibu saa kumi na mbili mbele ya kupatikana. Mufupa wa bega ulivunjika, baridi iliingia ndani, na hakupata tena nguvu zake zote. Ile ile mwaka Sweden ilimupa zawadi ya Crafoord, yeye na Edwin Salpeter, kwa kazi ya nyota. Alikufa Bournemouth tarehe 20 mwezi wa nane 2001, miaka 86.

Tarehe 17 mwezi wa nane 2017, mashine za Amerika na Italia zilisikia mutikisiko wa nyota mbili ndogo na nzito zikigongana, umbali wa miaka milioni 130 ya mwendo wa mwangaza. Teleskopi za dunia nzima ziligeuzwa upande ule, na katika rangi za ule mwangaza wataalamu walisoma alama za vitu vizito vinavyopikwa kwa njia ya haraka. Kwa makadirio yao, zahabu iliyotoka katika ule mugongano ilizidi uzito wa Dunia yetu. Ile makala ya 1957 ilikuwa imetaja njia hiyo, lakini ilifikiria jiko lingine, nyota kubwa zinazolipuka, na mugongano wa namna hii haukuwa ndani yake. Kati ya wale wanne walioiandika, Fowler alikuwa amekufa mwaka wa 1995, Hoyle 2001, Geoffrey Burbidge 2010. Margaret Burbidge alikuwa bado hai, na miaka 98.